Kusimamisha Mwiko ni Mwiko

Wanga ulikuwa umelala usiku kucha. Ndoo tatu zilipangwa kwenye kivuli cha ukuta, na mbili kati yake maji yalikuwa yameshatakata, weupe wote umeshuka chini. Fundi akaiinamisha ya kwanza taratibu, maji yakatoka kwa mkondo mwembamba hadi pale weupe ulipoanza kutaka kufuata. Hapo akasita. Akaishika ndoo vilevile, imeinama, kama mtu anayengoja mtoto ageuke upande usingizini, kisha akaisimamisha. Ndoo ya tatu bado ilikuwa na ukungu. Akaimwaga nusu, akaongeza maji mapya, akavuruga kwa mkono, akafunika. "Huu uache ulale tena," akamwambia kijana wake. "Hata ukiufokea hauharakishi."

Nilikuwa Wete, Pemba, mji ambao halua yake husafiri kuliko watu wake. Boti ya kwenda Unguja haikosi abiria aliyepakata kikapu cha halua. Mimi nilikwenda kuagiza ya akadi ya mpwa wangu. Fundi, ambaye kila mpita njia alimwita Ami na mimi nikafuata hivyo hivyo, aliniambia nikae kidogo. Kidogo ikawa asubuhi nzima, wala sikujuta. Nimewahi kufundisha kemia, na kwa miaka nilichora ubaoni minyororo ya glukosi na mikia ya mafuta bila kuona hata siku moja vitu hivyo vikifanya kazi mbele ya macho yangu. Hapa vilikuwa vimo vyote ndani ya karai moja: sukari, wanga, samli, maji.

Zamani wazee wa visiwani walichimba uwanga, kiazi cha porini kilicho kichungu na chenye sumu kikiwa kibichi, wakakikuna na kukiosha mara nyingi hadi uchungu ukaisha. Ami hutumia wanga wa muhogo, lakini desturi ya kuosha haikuondoka. Msingi wake ni tabia moja tu: kinachodhuru huyeyuka kwenye maji, wanga hauyeyuki. Punje zake ni ndogo mno, ukizipanga mstari kama 50 hivi ndipo upate milimita moja, na kila punje imefungwa barabara. Ndani yake mna molekuli za aina mbili, amilosi iliyonyooka na amilopektini yenye matawi, na zote mbili zimejengwa kwa glukosi peke yake. Mmea una sababu ya kufanya hivyo. Glukosi iliyo huru huvuta maji, na kama muhogo ungeiweka akiba hivyo hivyo, seli zake zingevimba zikapasuka. Kwa hiyo huziunga moja kwa nyingine, kila kiungo kikitoa molekuli moja ya maji, hadi sukari inapoacha kuwa tamu na kutulia. Ami hajui habari za amilosi, lakini neno alilochagua, kulala, ni sahihi kuliko maneno mengi niliyowapa wanafunzi wangu.

Nikaomba kugusa. Nilichoma kidole kwa nguvu kwenye lile tabaka la chini, kikagota kama kwenye jiwe. Ami akacheka. Akaweka kidole chake pale pale, akakiacha kizame kwa uzito wake, kikazama hadi kiungo cha pili bila kikwazo. Punje zikisukumwa kwa haraka hubanana, maji hayapati nafasi ya kupita katikati yake. Zikisogezwa pole huteleza.

Moto uliwashwa kwa makumbi, ukaongezwa kuni za mkarafuu uliokufa, na karai pana la shaba likapandishwa juu ya mafiga. Mwiko uliegemezwa ukutani. Usidhani ni mwiko wa jikoni kwako: huu ulikuwa mrefu kama kasia la ngalawa, bapa lake limelika upande mmoja kwa kusugua shaba mwaka hadi mwaka. Nilipouliza kanuni ya kazi hii ni ipi, kijana ndiye aliyejibu, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa mara nyingi: "Kusimamisha mwiko ni mwiko."

Sukari ilikuwa kilo 12. Konzi chache Ami aliziweka pembeni kwenye sufuria ndogo, kavu, bila hata tone la maji. Hakuzikoroga. Alikuwa akiizungusha sufuria kwa mkono, sukari ikaanza kulowana kingoni, ikawa rangi ya asali, kisha kama shaba, kisha hudhurungi. Hiyo ni kazi ya nyuzi 160 za Selsiasi na zaidi. Molekuli za sukari huvunjika, vipande vyake vikaungana upya kuwa mamia ya vitu vingine, vingine na harufu, vingine na rangi, vingine na uchungu. Kati ya rangi ya kahawa na majivu ni muda wa kupenga kamasi. Ami aliinusa sufuria, hakuitazama, akamimina maji. Ikalia, moshi mweupe ukapanda, na rangi ya halua ikawa imepatikana. Ya duka haitii.

Sukari iliyobaki iliingia karaini na ndoo ya maji ya lita 20, zile ndoo mbili za wanga zikingoja zamu. Ilipochemka akaengua povu kwa upawa, akakamua ndimu nusu. Nusu tu, na akalitupa ganda bila kuonja. Hapa ilinibidi nijizuie nisitoe darasa. Sukari ya mezani ni sukrosi, yaani glukosi moja na fruktosi moja zilizofungwa pamoja. Asidi ya ndimu na joto hufungua baadhi ya vifungo hivyo, kwa hiyo ndani ya shira sasa wamo watatu: sukrosi, glukosi na fruktosi. Sukrosi ikiwa peke yake na maji yakapungua, hujipanga safu baada ya safu ikarudi kuwa chenga. Ikichanganyika na hizi nyingine safu hazikamiliki, halua inabaki laini. Ami anasema ndimu "inaikatalia sukari isikumbuke kwao."

Sasa niseme la kwangu. Niliwahi kupika halua nyumbani, mwezi wa Ramadhani, nikiwa na hakika kwamba mtu aliyesoma hawezi kushindwa na wanga. Shira ilikuwa inachemka, nikamwaga bakuli zima la wanga kwa mkupuo mmoja. Nilichopata ni madonge: nje yameiva na kuteleza kama ute, ndani unga mkavu. Niliyakimbiza kwa mwiko kwa saa nzima. Mke wangu alisema tuyaite kaimati tuyale. Nilijua sababu, na kujua hakukunisaidia kitu. Punje za nje zilipokutana na joto zilivimba zote kwa pamoja zikafunga mlango, maji hayakuwafikia wenzao wa ndani.

Ami aliuchuja wanga kwa kitambaa cheupe, kisha akamkabidhi kijana ndoo na yeye akachukua mwiko. "Uzi," alisema. Wanga ukashuka kweli kama uzi, mwembamba, na mahali unapoangukia mwiko ulikuwa umeshapita na unarudi. Kwa dakika nyingi hakuna kilichotokea. Karai lilikuwa na maziwa mazito, basi. Wanga ukiwa kwenye maji matupu huanza kuvimba nyuzi 60 na kitu, lakini sukari nayo inayataka maji yaleyale, huyashika, na punje zinalazimika kungoja joto zaidi. Halafu, bila kengele, ule weupe ukaanza kufifia. Kwanza kingoni. Nikaona sehemu ya shaba ikimetameta chini ya kile ambacho dakika moja kabla kilikuwa kama chokaa. Punje zilikuwa zinakunywa, zinavimba mara kadhaa ya ukubwa wake, zinapasuka, amilosi inatoka na kutandaa. Mwiko ulikuwa ukitembea kama ndani ya maji, sasa unatembea kama ndani ya matope. Bega la Ami lilishuka kidogo, miguu ikajitanua. Hakuongeza nguvu. Aliongeza uzito, aliuegemea mwiko, ukaenda.

Mkondo wake haukuwa wa duara kama nilivyodhani. Alikuwa anaandika kitu kama nane kubwa, mara tano au sita, kisha anakwangua kitako cha karai kutoka kwake kwenda mbele, kisha ukingo wa kushoto, kisha wa kulia, kisha nane tena. Hakuna mahali palipopumzika kwa muda wa kutosha kushika. Kila baada ya muda kijana aliuchukua mwiko, na kupokezana kwenyewe ni sanaa: mkono wa kijana ulishika juu ya mkono wa Ami, wakazungusha nane mbili pamoja, ndipo Ami akatoka. Mwiko haukujua kwamba umebadilishiwa mtu.

Alipokaa nikamuuliza alikunywa nini asubuhi. Chai na muhogo wa kuchemsha. Nikatazama karai, nikatazama mkono wake. Muhogo ule ulianza kuvunjwa mdomoni, kimeng'enya cha mate kikaanza kukata minyororo ya wanga, utumbo ukamaliza kazi, na glukosi ikaingia damuni. Ile isiyotumika papo hapo mwili huiunga tena kuwa glikojeni, mnyororo wenye matawi mengi kuliko hata wa amilopektini, ikawekwa kwenye ini na misuli. Mfaransa Claude Bernard ndiye aliyeitenga kutoka kwenye ini mwaka 1857. Misuli ya mtu mzima hubeba kati ya gramu 300 na 500 hivi, na yale matawi mengi yana faida: kila ncha ya tawi ni mahali pa kuchomolea glukosi, kwa hiyo mkono unaohitaji nguvu ghafla huchomoa ncha nyingi kwa wakati mmoja. Wanga wa shamba ulikuwa unakoroga wanga wa karaini.

Na mwiko? Mti nao ni glukosi, kwa sehemu yake kubwa. Sehemu hiyo ni selulosi, ambayo Anselme Payen aliitambua mwaka 1838. Shanga za mnyororo, yaani glukosi, ni zilezile, tofauti ni namna zinavyoshikana. Kwenye wanga kila glukosi inaelekea upande uleule wa jirani yake, na mnyororo unajiviringa. Kwenye selulosi kila moja imepinduliwa kinyume cha iliyotangulia, mnyororo ukanyooka, na minyororo ikilazwa bega kwa bega hukamatana kama ukili unaposhonwa kuwa mkeka. Pindua tu shanga moja baada ya moja, na kitu kilichokuwa chakula kinakuwa kasia. Tumbo letu halina kimeng'enya cha kufungua kiungo hicho, ndiyo maana Ami hula muhogo na haulambi mwiko hadi ukaisha. Kuni zilizokuwa zikiwaka chini, ukili wa vikapu vilivyongoja mlangoni, fulana ya pamba aliyovaa kijana, vyote hivyo ni glukosi iliyopinduliwa. Nilikaa pale kwenye kigoda nikajiona kama mtu aliyegundua kwamba nyumba nzima ni ya ukoo mmoja.

Samli ilikuwa kilo 4, na hapo ndipo Ami alipokuwa bahili wa kupindukia. Upawa mmoja. Akakoroga hadi mafuta yote yakapotea machoni, mng'ao ukaingia ndani. Ndipo upawa wa pili. Kijana alitaka kuharakisha, Ami akamzuia kwa nyusi tu.

Mafuta hayakujengwa kwa mnyororo mrefu wa kitu kimoja. Aliyelifungua fumbo hilo ni Michel Eugène Chevreul, aliyechapisha kitabu chake juu ya mafuta ya wanyama mwaka 1823 na akaishi hadi umri wa miaka 102, labda kwa kutokuwa na haraka. Alionyesha kwamba ukichemsha mafuta na magadi au majivu, kama wapikavyo sabuni, unapata vitu viwili: gliseroli, ambayo ni tamu na huchanganyika na maji, na asidi za mafuta. Leo tunachora gliseroli kama kiganja chenye vidole vitatu, kila kidole kimeshika mkia mrefu wa kaboni na haidrojeni. Mkia huo hauna oksijeni ya kushikana na maji, kwa hiyo maji huusukuma kando. Ukosefu huohuo wa oksijeni ndio unaofanya gramu moja ya mafuta itoe kama kilokalori 9 na gramu ya sukari 4 tu: sukari imeshaungua nusu njia, mafuta bado.

Chevreul alizipa asidi nyingine majina kutokana na alikozikuta. Moja ni ya siagi, ndiyo inayonuka samli ikichacha. Nyingine zilichukua jina la mbuzi kwa Kilatini, kwa kuwa zimo kwenye maziwa yake. Miaka baadaye asidi mbili za ukoo huo wa mbuzi, kapriliki na kapriki, zikakutwa pia kwenye mafuta ya nazi. Wazungu walishangaa. Sisi tunaokuna nazi juu ya mbuzi tungewaambia mapema.

Ndani ya karai ile kazi ya mwiko ilikuwa kuyakata mafuta kuwa matone madogo, na kazi ya wanga uliovimba ilikuwa kuyashika matone yasikutane tena. Ndiyo maana upawa mmoja mmoja. Ukimwaga samli yote pamoja, matone yatakutana kabla wanga haujayazunguka, na utakuwa na dimbwi juu ya gundi. Na kadiri maji yalivyozidi kutoka, shira ilizidi kuwa moto, maana maji yakiwa mengi hayaruhusu chungu kupita nyuzi 100 kwa mbali, yakipungua joto linapanda, na rangi inazidi kukolea.

Saa ya tatu ya kukoroga ilikuja na sauti. Mwanzoni karai lilikuwa likitokota kwa haraka, povu jembamba. Sasa mapovu yalikuwa machache, makubwa, yakipanda kwa shida na kupasuka kwa mlio wa pwata, pwata, yakirusha vipande vya moto. Mikono ya Ami ina alama ndogo za duara kuanzia kiwikoni kwenda chini, na sasa nilijua zilikotoka. Halua ikaanza kuachana na shaba. Mwiko ukipita, nyuma yake kitako cha karai kilibaki wazi, safi, kwa muda wa pumzi moja kabla ya kufunikwa. Kisha pumzi mbili. Kisha samli ile ile iliyonyweshwa upawa kwa upawa ikaanza kurudi, ikatokeza kingoni kama jasho jembamba la dhahabu. Wanga haukuwa tena na nafasi ya kuishika yote. Ami alidondosha tone kwenye sahani ya bati, akangoja lipoe, akalibonyeza kwa kidole gumba, akakivuta. Halikubakiza alama kidoleni.

"Bado," akasema.

Nane nyingine kama ishirini. Akabonyeza tena, na safari hii hakusema kitu. Alinyoosha mkono nyuma yake bila kugeuka, na kijana akawa ameshaweka bakuli la viungo kiganjani: iliki iliyotwangwa, kungumanga, zafarani iliyorowekwa, lozi zilizomenywa. Viungo huingia mwisho kwa sababu harufu zake hupenda mafuta kuliko maji na huruka na mvuke zikipewa muda. Samli huzipokea, na ndiyo inayozishusha ulimini. Kungumanga nayo, nikakumbuka nikitabasamu peke yangu, ina mafuta yake mazito yaliyoipa jina asidi moja, miristiki, ambayo imo pia kwenye samli. Wageni walikuwa jamaa.

Ilimiminwa ingali inanyumbuka, haikatiki, ikishuka kama kitambaa kizito kinachokunjwa. Vikapu vidogo vya ukili vilitandikwa ndani, vikajazwa, Ami akasawazisha juu kwa mgongo wa upawa uliopakwa samli. Nilimuuliza itakaa muda gani bila friji, kwa kuwa akadi ilikuwa Ijumaa ya wiki ya pili. Akanitazama kama niliyeuliza kama jiwe litaoza. Sukari imeyashika maji yote yaliyobaki, hakuna mdudu wa ukungu atakayepata ya kunywa. Kitakachotokea ni kukakamaa: minyororo ya wanga iliyotawanywa na moto itaanza, siku baada ya siku, kutafutana na kujipanga upya. "Ikikaza," alisema, "ipashe moto na kijiko cha samli, pole pole. Italainika."

Karai lilibaki na ukoko mwembamba wa hudhurungi. Watoto watatu, ambao asubuhi nzima sikujua walikuwa wapi, walikuwa wameshafika mlangoni na vijiko vyao mikononi. Ami aliketi juu ya kigoda, akanyoosha vidole vya mkono wa kulia kimoja kimoja kwa mkono wa kushoto, akamwambia kijana aende akaitazame ile ndoo ya tatu.